Nina Jambo

Kila alfajiri niliposhuka ngazi, pale Sparki,
Zena Abubakari alikuwa ameinamia karai la mahamri.
"Hujambo, Faraji?"
"Sijambo."
Miezi kumi na mmoja nilijibu hivyo,
neno limekaa mdomoni kama senti ya zamani:
halinunui kitu, wala hulitupi.

Sijambo, nami sijalala.
Kazi yangu kuhesabu makontena Kilindini usiku kucha,
nikirudi nyumbani nahesabu mengine:
mama alivyoomba maji hospitalini
nami nimetoka kununua vocha,
maneno niliyomwambia ndugu yangu matangani
mbele ya watu, sufuria bado ziko motoni.
Hesabu haikufunga hata siku moja.

Simu nikiilaza kifuani kama mtoto mchanga,
naibembeleza, yanibembeleza,
hatulali sote wawili.
Chai nikinywa nimesimama.
Shuka halijaona maji tangu Mfunguo Sita.

Jikaze, waliniambia. Mwanamume ni kujikaza.
Nikajikaza kama msumari wa hesi
mpaka hesi zikalika,
nikawa nazunguka tu, sishiki.

Jumanne moja, mvua ya rasharasha,
Zena akauliza vile vile, hakuinua macho.
"Hujambo?"
Nikausikia ulimi ukijisemea:
"Nina jambo."

Hamri likaungua upande mmoja.
Hakunipa pole, hakunitolea methali.
Aliisogeza mbuzi kwa mguu,
akaweka nazi mbili zilizopasuliwa.
"Kaa. Kuna."

Miaka arubaini na miwili, sijapata kukalia mbuzi.
Machicha yakanirukia mpaka kwenye nyusi.
Baina ya nazi ya kwanza na ya pili nilimtaja mama.
Baina ya ya pili na ya tatu
(aliongeza ya tatu bila kuniuliza)
nililia.
Akasema, huku akigeuza mahamri,
kuwa yeye hupanda darini kila Ijumaa
kulia akianika nguo:
nguo mbichi hudondoka maji,
nani atauliza?

Sasa watu waniuliza nimefanyaje.
Sikupona kama apatavyo kupona mtu wa surua.
Simu hulala ndani ya birika la shaba la mama,
kifuniko juu; ikilia,
yasikika kama shida ya jirani.
Chai nanywa nimekaa.
Kikombe nakiosha kabla hakijakauka.
Nikitoka zamu nashukia Makupa,
kipande kilichobaki nakwenda kwa miguu,
upande wa kivuli, sipokei salamu za haraka.
Alhamisi kuna kliniki Ganjoni,
na Bi Nduku ajuaye kunyamaza;
nilikwenda mara tatu kabla ya kuvua kofia.
Ndugu yangu nilimpigia. Hakushika.
Nitampigia tena. Si leo.

Na kuna siku yote hayo yanishinda,
nalala na viatu.
Hiyo nayo naiandika,
lakini kwa penseli.

Zena haachi kuuliza.
Siku hizi huonja kwanza kabla sijajibu,
kama mtu apimaye chumvi ya mchuzi.
Mara nyingine ni sijambo,
sijambo yenyewe, haina kitu nyuma yake,
hata mimi hushangaa.
Mara nyingine nasema, ninalo, dogo,
naye aisogeza mbuzi.

Leo nimemtangulia.
"Zena. Wewe, hujambo?"
Mkono ukasimama juu ya mafuta.
Akafuta unga kwenye leso,
kidole kimoja kimoja,
akatazama darini, akanitazama.
"Ngoja," akasema,
"nizime jiko kwanza."