Juu ya Kichanja

Daktari Mbwilo alichora nyuma ya stakabadhi yangu ya malipo
kwa kalamu iliyokuwa ikigomagoma wino:
bakuli la nyonga, mfuko wa uzazi katikati,
na ubavuni mwake, huku na huku, vitu viwili kama kokwa.
"Mionzi itapita hapa," akasema, akipiga mistari
mpaka karatasi ikatoboka.
"Haichagui. Itachoma uvimbe, itachoma na mayai.
Kwa hiyo kabla ya moto tunayahamisha."

Nikauliza: yanahamia wapi,
nami nina mwili huu mmoja?

Akacheka, kisha akaona sikutania.
Akapandisha kalamu, ikavuka kiuno, ikakaribia mbavu.
"Hapa. Hatung'oi. Kila kokwa na mshipa wake wa damu,
tunaulegeza polepole, maana ukijinyonga, kazi imekufa.
Tunashona huku juu. Tunabana kichuma
kidogo kama punje ya ulezi,
ili wa mionzi wakikupiga picha wajue: hapa pana watu."

Nikaikumbuka Isyonje, mwezi wa saba,
usiku ule sakitu ilipotuvamia.
Mama alituamsha saa nane, tochi kaibana kwapani,
tupandishe mbegu za viazi kichanjani, juu ya meko,
debe kwa debe, vidole vimekufa ganzi.
Viazi vya kula tuliviacha chini.
Asubuhi vilikuwa maji ndani ya ganda.
Sisi tulikimbizia mbegu kwenye joto;
huyu anazitoa kwenye njia ya moto.
Lakini mkono ni uleule, na haraka ileile.

Mama mkwe, Numwagile, alikuja na mkungu wa ndizi
na swali ambalo hakulifunga vizuri:
"Na mtoto, daktari?"
Ambokile akaanza kusoma kamba za viatu vyake.

"Mfuko wenyewe siwezi kuutoa njiani.
Mtoto siahidi.
Na mayai nayo, wapo ambao hayakupona
hata huko juu. Mionzi hurushia cheche.
Ninaahidi kujaribu, basi."

Nilimpenda kwa lile *siahidi*.
Tangu Januari nilikuwa nimelishwa ahadi kama uji:
za mchungaji, za mizizi, za shangazi zangu wa Rungwe.
Hii ilikuwa mfupa. Nikaing'ata.
Fomu nikaitia sahihi mwenyewe,
kabla kalamu haijamfikia mtu mwingine.

Matundu matatu, kila moja la kupitisha kidole.
Nilipozinduka, Nesi Syabumi alikuwa akikunja shuka.
"Yamefika," akasema, kama anataja wageni wa basi la usiku.
"La kushoto lilisumbua, mshipa wake mfupi.
Lakini yamefika."

Kisha siku ishirini na tano za kulala nisitikisike
chini ya mashine inayonguruma bila kuniangalia.
Huku chini nikawa upupu na kidonda,
nikaogopa choo kama mtoto anavyoogopa giza.
Huku juu sikusikia kitu.
Usiku niliweka kiganja chini ya mbavu,
nikawaza: wamelala, au wameganda?

Hakuna aliyenijibu. Mvua za kwanza zikaja.
Nikarudi sokoni Uyole, kwenye turubai langu,
na sado yangu iliyobonyea upande.

Katikati ya Desemba, mteja akibishania bei,
kitu kikanidonoa kulia, chini ya ubavu.
Maumivu yale ninayoyajua tangu usichana,
ya siku chache kabla ya katikati ya mwezi kuisha,
ila yamepanda ghorofa.
Mahali pasipo pake.

"Mama, jaza basi, gari la Tukuyu linaniacha!"
Nikajaza. Nikamrudishia chenji
na mia tano isiyo yake.
Nilimwona anavuka barabara.
Sikumwita.