Kwa Fermín, Kabla Hujakata

Weka kisu chini kwanza.
Ngozi haina kifutio.
Nakwambia hivi nikiwa na pochi kabatini
yenye waridi lililotoka kama kabichi,
nami niliibeba mwaka mzima, kwa ukaidi tu.

Hapa Tacuarembó, Julai, gereji ya Ubaldo haina joto
ila jiko moja la kuni na domo letu.
Kila Alhamisi usiku: dereva wa lori, mwalimu wa hesabu,
mimi niliyemshikia daktari wa meno taa miaka thelathini na mmoja,
na sasa wewe, na ngozi yako kwapani
na picha ya farasi anayeruka.
Farasi!
Anza na jani.

Gusa hapa. Huu ni mgongo wa ng'ombe, umeshikamana, hauongopi.
Hili ni tumbo: laini, rahisi, linakuita.
Mimi nilikata mkanda tumboni.
Kufika Krismasi ulikuwa umenyumbuka shibri nzima
na suruali ya Aníbal, mume wangu, ikashuka mbele ya padri.
Tumbo lifanyie kimfuko cha sarafu.

Husemwa ngozi ivute ili maji.
Kweli. Lakini maji kiasi gani, hawakusema.
Pitisha sifongo mara mbili, isichuruzike.
Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ilale.
Asubuhi iweke shavuni:
ikiwa baridi kama pua ya mbwa
na rangi yake imeanza kurudi, hiyo ndiyo saa yake.
Ikilowa mno, alama itavimba na kupotea.
Ikikauka, kisu kitalia,
na wewe baadaye.

Kisu chenyewe kisugue kwenye kadibodi kila baada ya mikato kumi.
Ubaldo huhesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea.
Tulimcheka.
Tazama majani yake, kisha tazama yangu.

Vifaa? Usinunue seti.
Mpini wa kijiko. Msumari uliopigwa msasa kichwani.
Na hivi vyangu, ndoano za kukwangulia meno,
zilizopita katika vinywa vya nusu ya mji huu
(nimezichemsha, usikunje uso);
sijaona kinachoingia chini ya petali vizuri zaidi.

Kovu hilo ni la seng'enge. Mnyama alilipata akiwa hai.
Usilikimbie. Lipitishie shina.

Na jiwe unalogongea, ligeuze.
GUMERSIND.
Fundi wa makaburi aliisahau O ya mwisho,
familia ikalikataa, Ubaldo akalichukua kwa chupa mbili za pombe kali.
Miaka tisa tunagonga juu ya mtu
aliyelala kwingine, chini ya jina lililotimia.

Nilipomzika Aníbal sikuja wiki saba.
Niliporudi hakuna aliyeuliza kitu.
Nélida alinipa sindano mbili, uzi wa kitani, kipande cha nta,
akasema, shona.
Ya kulia ipite, ya kushoto ipite, tundu lilelile,
vuta kwa mikono yote miwili, sawasawa;
uzi ukikatika upande mmoja, wa pili unashikilia.
Nilishona ala ya kisu hadi saa sita.
Kisu sikuwa nacho. Sina hadi leo.

Nini tena? Rangi uijaribu kwenye chakavu, siku zote,
hata ile uliyoitumia jana.
Mafuta kidogo. Punguza. Bado mengi.
Kingo zilowanishe, uzisugue kwa kitambaa cha jinzi
mpaka kiganja kikatae,
halafu mara ishirini zaidi.

Haya, kibuyu kinakujia, kinywe hadi kikorome ndipo ukirudishe.
Vazi lake la ngozi nimelishona mimi,
na mshono mmoja umepinda; kila mgeni anautafuta,
Nélida tu ndiye aliyewahi kuuona.

Sasa shika kisu.
Si hivyo. Kidole cha shahada juu, kama unamnyamazisha mtu.
Jani, nimesema.
Fermín. Jani.