Sentimita Sitini na Tatu

Boti imekaa juu ya magogo nyuma ya banda la Tauno,
Puumala, mwezi wa kumi, ziwa limeshaanza kunyamaza.
Mita saba na nusu. Kebini ya wawili wapendanao,
au wawili waliozoea kugombana kwa sauti ya chini.
Bei euro elfu tisa, "kwa anayeijua," asema Tauno.
Sisi hatuijui,
lakini Osmo ameshaupapasa ubavu wake mara tatu
kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani
huku akijifanya anatazama mawingu.

Mimi nimekuja na bisibisi na tochi.
Miaka thelathini na mmoja nilikagua lifti za Lappeenranta;
najua kitu kilichopakwa rangi wiki ya kuuzwa
kina jambo la kusema.
Nagonga sitaha kwa mpini:
ko, ko, ko, ko,
kisha karibu na kishikizo cha kamba, bu.
Nagonga tena. Bu.
Tauno anakohoa. Osmo anasema hiyo si kitu,
ni ukubwa wa kisahani tu.
Kisahani cha kikombe, namuuliza, au sahani ya supu?

Oili ni nyeusi, haina weupe wa maziwa. Vizuri.
Rafadha ina pengo, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani:
nainua mbao za sakafu, namulika.
Maji ya vidole viwili, rangi ya chai iliyosahauliwa,
na karata moja inaelea, malkia wa kopa.
"Huyo tulimtafuta viangazi viwili," asema Tauno.
Anamwokota, anamfuta kwa suruali, anamtia mfukoni.
Hasemi alikuwa akicheza na nani.

Hesabu nilishaipiga nyumbani, nyuma ya bahasha ya umeme:
gati, bima, winchi ya kuitoa majini,
dizeli, betri mbili zilizokufa.
Kiangazi chetu ni wiki kumi, tatu za mvua.
Osmo ana sabini na mmoja. Nikagawa.
Jibu nililiandika kwa herufi ndogo, nikaigeuza bahasha.
Rahisi ni ghali, nilimwambia.
Akaniuliza, na ghali je?

Sasa anataka kwenda omo.
Hapa ndipo nilipokuwa nangoja.
Anashika reli. Mguu wa kulia, juu.
Wa kushoto unabaki chini, unafikiri.
Goti hilo lilipasuliwa Februari.
Namtazama nilivyokuwa nikitazama nyaya:
kubeba zitabeba, ila sikiliza zinasema nini zikibeba.
Anavuta pumzi, anajisukuma, yuko juu,
ananipungia mkono kama abiria wa meli kubwa.
Natoa tepu. Kutoka sakafuni hadi sitaha,
sitini na tatu.

"Ngazi yake iko wapi?"
"Haijawahi kuwa na ngazi," asema Tauno. "Mimi naruka."
Fimbo yake imeegemea magogo.
"Nilikuwa naruka."

Elfu saba na nusu, nasema, kwa ajili ya bu.
Elfu nane, asema, na malkia nabaki naye.
Tukaomba muda.

Njiani tukasimama duka la vifaa,
tukanunua ngazi ya alumini, vidato viwili,
euro arobaini na tisa. Risiti ninayo,
inarudishwa ndani ya siku thelathini.
Imesimama kando ya viatu, haina pa kwenda.
Osmo akipita hutia mguu wa kushoto kidato cha kwanza,
hushuka, huendelea na safari yake ya kahawa,
na hakuna anayelisema.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Jana usiku, nikiwa kitandani, nimeisikia alumini gizani:
ko.
Ko.
Nikabana pumzi, nikingoja bu.