Swali la Nne

Fomu imefika Sikonge kwa basi la mchana,
imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki.
Swali la nne linataka nijaze
miti yetu mingapi ni melliferous.

Nikalitamka. Ulimi ukateleza.
Kalunde, aliyekuja kupima ndoo mbili,
akauliza: huo ni ugonjwa?

Tukafungua kamusi ya ghala, isiyo na jalada,
kurasa zimegandana kwa vidole vya msimu uliopita.
Neno lilikuwapo, chini ya tone la nta.
Mel: asali, kwa Kilatini.
Ferre: kubeba.
Basi.

Kalunde akacheka hata akakalia ndoo.
"Yaani nimetoka Ipole na hilo neno kichwani,
shingo inaniuma, wala sikujua?"
Kwao walibeba pembe mpaka pwani.
Hakuna aliyewapa kivumishi;
walipewa shuka la merikani, wakarudi kwa miguu.

Sisi kivumishi cha hivyo hatuna.
Twasema mti ubebao asali:
tunausimamisha, tunaupa kitenzi,
tunautuma kazini.
Na hata asali ni mgeni,
ilipanda na misafara, ikakuta watu wanasema wuki,
ikapewa kigoda, haijaondoka.
Wuki ukajificha ndani ya nyuki.
Sikiliza, bado unavuma humo.

Nikaandika: mtundu, mia nne.
Mninga, tisini.
Mlama nikauruka, nani ahesabu mlama?

"Na myombo wetu?" akauliza Kalunde.
Ule wa karibu na kambi,
ambao mumewe aliuambua gome zima
akashona mzinga, akautundika kwenye mti jirani.
Umekauka. Umesimama uchi mwaka wa pili,
hauna jani, hauna ua,
nyuki wanaupita kama duka lililofungwa.
Lakini gome lake kule juu
limejaa masega hadi mlangoni.

"Sasa hapo," akasema, "anayebeba ni nani?"

Kisanduku cha jibu ni kidogo kama ukucha.
Nikaandika moja.
Nikafuta.
Nikaandika moja.

Mizani ikatulia: kilo ishirini na tatu na robo.
Kalunde akaweka dole gumba penye sahihi,
akalivuta,
na fomu ikamfuata.