Nukta ya Kuanzia

Jumamosi hii ni Nakuru.
Kagendo ananisindikiza mpaka kwenye ngazi tu,
mswaki mdomoni, anasema kwa povu:
"Ukirudi bila asali usinibishie mlango."
Nina mayai mawili ya kuchemsha,
daftari la upimaji ambalo najua sitalifungua,
na noti zangu nimezifunga pembeni mwa leso
kama alivyonifunza Mama kule Kigoma
siku nilipovuka mpaka na begi la kaka.

Mwaka huu nimeiona Nyeri, au tuseme ukungu wake.
Naivasha nimemwona kiboko, masikio tu.
Kisumu nilikula samaki mzima
huku nikimsengenya kimoyomoyo: si mgebuka huyu.
Eldoret nilifika, nikanyeshewa, nikarudi.
Tiketi zote nazitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
na Jumapili usiku Mama akipiga simu
namhadithia miji kama anayehesabu mifugo.

Hili jiji ninalolala ndani yake
sijawahi kulizuru.
Nairobi naijua kwa magoti na viwiko:
maji Jumanne na Ijumaa, saa kumi alfajiri,
mitungi imepanga foleni ghorofa tano, Ngara nzima inapiga miayo;
umeme unaokata wali ukiwa kiini;
Mama Nyaguthii anayekatakata sukuma
nyembamba, nyembamba, kisu hakimwangalii naye hakiangalii,
na huniongezea konzi moja huku ametazama barabarani
ili nisipate deni la kushukuru.

Jumatatu, uwanjani, Mwalimu Wangalwa
husimamisha darubini juu ya miguu yake mitatu.
"Usinipe umbali," husema,
"kabla hujaniambia umesimama wapi.
Kila kipimo huanzia nukta inayojulikana."
Sisi huandika. Mimi huandika na kupiga mstari.
Halafu Ijumaa natafuta nauli.

Nakuru, heroe walikuwa mbali,
mstari wa waridi ukingoni mwa maji,
kana kwamba mtu amejaribu chaki akaghairi.
Nikala yai. Nikalala kwa binamu yake Kagendo
aliyenihoji hadi usiku wa manane kuhusu bei ya vyumba.
Asubuhi nikatembea mitaa ambayo hakuna aliyenidai kitu,
raha tupu, raha ya mtu asiye na ndoo.

Nilikuwa njiani kurudi, mvua imetangulia,
ndipo nikakumbuka: shuka langu, koti la uwanjani,
soksi zote, juu ya paa, tangu jana asubuhi.
Nikapanda ngazi nikijitukana kwa lugha mbili.

Nguo zilikuwa kitandani.
Zimekunjwa. Zimekauka.
Hata ile soksi iliyofiwa na mwenzake
imeozwa kwa soksi ya Kagendo, ya kijani,
na Kagendo mwenyewe amejifunika gubigubi
kama mtu ambaye hajaanua nguo ya mtu yeyote maishani.

Simu.
"Umefika?"
"Nimefika nyumbani, Mama. Mvua imenyesha,
ila nguo zimeanuliwa, naziweka kwenye karai."

Kimya.
Nilisikia redio ya jirani yao, mbwa,
mfuniko wa sufuria ukiwekwa pole pole.

"Kwenye nini?"
"Kwenye beseni."
"Ahaa." Kisha kimya kingine, kifupi.
Nilitaka kuliokota lile neno la kwanza,
si karai, lile jingine,
nilisukume chini ya kitanda na viatu vyenye tope.
Nikaanza: "Nakuru, Mama, kuna heroe..."

"Niambie," akanikatiza, "hapo nyumbani
maji yanatoka siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Saa kumi alfajiri."

"Ngoja," akasema,
nikamsikia akifungua droo, akitafuta kalamu.
"Jumanne. Na?"

Na nyuma yangu, kutoka chini ya blanketi,
sauti isiyo na usingizi hata chembe:
"Asali iko wapi?"