Tuta la Matete

Sechelela amerudi na daftari la historia,
vumbi la Bahi limempanda hadi magotini.
Anasoma kwa sauti, mimi napepeta uwele.

Waazteki walitangatanga miaka,
kila walipotua wakifukuzwa,
hadi wakamwona tai juu ya mpungate
kisiwani, katikati ya ziwa,
penye matope na matete.
Hapa, wakasema. Hapahapa.

Nacheka. Nani hujenga matopeni?
Kisha nakumbuka: nasi tulisimuliwa
tembo alikuja kunywa, akadidimia,
walioona wakasema *idodomya*,
na mji ukasimama juu ya neno hilo.

"Walisuka matete, mama,
wakachota tope la ziwa kwa mitumbwi,
wakalimwaga juu, wakapanda miti pembeni
mizizi ishike.
Mahindi, maharage, pilipili.
Huvuna hata mara saba kwa mwaka."

Mara saba!
Mimi moja, tena mbuga ikipenda.

"Na ushuru je?"
Anafunua ukurasa.
"Waliwatoza majirani. Manyoya, kakao,
watu."
Ungo unasimama mikononi mwangu.
Hatusemi kitu. Kuku anadonoa zilizomwagika.

Maji ya Sulunga yamerudi nyuma hatua arobaini.
Sechelela anataka kujaribu tuta moja tu;
matete yapo, anasema, tope lipo.

Nimempa jembe la mpini mfupi.
Anza na nyanya, nimemwambia.
Tai, akitaka, atatukuta.