Foleni ya Unga, Ganda

Tsofwa kaja na pikipiki mpya,
kaiegesha nyuma ya zahanati isionekane.
Ana vyumba sita vya kupangisha Malindi mjini,
ila orodhani jina lake ni la tatu.
"Serikali ni mama," asema,
"na mama haulizi nani kashiba."

Mimi ndiye karani.
Kalamu yangu, orodha si yangu.

Nyevu, namba mia na kumi,
akafika unga umekwisha.
Hakulia. Akaomba risiti.
"Risiti ya nini, na hukupewa kitu?"

"Ya chumvi, mwanangu. Ya sabuni, ya kiberiti.
Miaka sitini nalipa kodi dukani.
Sikuja kuomba.
Nimekuja kuchukua changu;
niandikie kwamba sikukikuta."

Nikamwandikia,
nyuma ya orodha.